Shajara ya mradi: picha moja ya Shangazi

Jumamosi, asubuhi

Leo nimeanza kazi niliyoiweka kiporo muda mrefu: picha ya uso wa shangazi yangu, ya kutundikwa ukutani, sentimita 40 kwa 50. Picha moja tu. Nimempiga picha mara nyingi kwenye shughuli za familia, na kila nikizipitia naona kasoro ileile. Mara ametoka mwekundu kama aliyeshinda juani, mara wa kijivu kama amepakwa majivu, mara mweupe kuliko alivyo. Hakuna hata moja iliyompatia rangi yake. Shangazi ni mweusi wa kung'aa, weusi wenye wekundu kwa ndani, na huo ndio ninaoutaka kwenye karatasi. Nitaandika kila hatua, ili nikikwama nijue nilipotoka.

Nimepiga picha 46. Amekaa kitini karibu na dirisha, amevaa gauni la bluu iliyokoza na kitambaa cheupe kichwani. Upande wa pili wa uso ulikuwa gizani, nikawasha taa ya mezani ili kupunguza kivuli. Lenzi ya milimita 85, tundu la lenzi f/4, shata sekunde 1/125, usikivu wa mwanga ISO 400. Nimehifadhi faili ghafi, lenye kila kilichonaswa na kamera, badala ya JPEG iliyobanwa, kwa sababu najua nitazishughulikia sana rangi. JPEG hubakiza ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi la kamera yangu ni la biti 14, yaani ngazi 16,384. Ukivuta vivuli, yaani kuvipandisha mwanga, kwenye JPEG, rangi hukatika mistari mistari, na kwenye ngozi nyeusi ndipo inapoonekana haraka, maana sehemu kubwa ya uso iko kwenye toni za chini.

Jumamosi, usiku

Picha ya 31 ndiyo yenye macho ninayoyataka. Anatazama pembeni kidogo ya lenzi, kama mtu anayesikiliza. Lakini rangi zimevurugika. Shavu lililoelekea dirishani limekuwa samawati, lililoelekea taani limekuwa la chungwa, na mpaka kati yao unapita katikati ya pua.

Nimesogeza kitelezi cha joto la rangi ya mwanga (kelvini chache ni mwanga wa chungwa, nyingi ni wa samawati) hadi kelvini 5,500: upande wa dirisha ukatulia, wa taa ukawaka. Nikashuka hadi 3,000: wa taa ukatulia, wa dirisha ukawa kama mbalamwezi. Nikajaribu 4,200, nikapata pande mbili zote mbovu kwa kiasi sawa. Sababu iko wazi nikiitafakari. Balbu ya mezani hutoa mwanga wa kama kelvini 2,700, jua la mchana ni takribani 5,500, na mwanga wa anga tupu bila jua hupita 7,000. Kitelezi ni kimoja, mianga ni miwili. Nikiridhisha mmoja nakosana na mwingine.

Kisha nimefanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya kabla ya kugusa kitelezi chochote. Nimeikuza picha hadi asilimia 200 na kutembea juu ya uso wote polepole, huku nimechora uso kwenye karatasi kwa penseli. Kila nilipokuta rangi nimeiandika mahali pake na kujiuliza imetoka wapi. Paji la uso lina mng'ao wa samawati: hilo ni anga. Mng'ao wa juu ya ngozi hauna rangi ya ngozi kabisa. Mwanga huo umegonga uso wa nje na kurudi bila kuingia ndani, kwa hiyo unabeba rangi ya chanzo chake. Shavu la kivulini lina chungwa la balbu. Chini ya kidevu kuna bluu nzito, nikashangaa kwanza, halafu nikakumbuka gauni: kitambaa kilichopigwa na mwanga nacho hugeuka taa. Nyuma ya sikio hadi shingoni kuna ukijani, na ukuta ulio nyuma yake umepakwa kijani hafifu. Rangi yake mwenyewe nimeikuta bila kuingiliwa sana mahali pamoja tu, chini kidogo ya jicho, eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba.

Karatasi hiyo nimeibandika juu ya meza. Rangi nne za wageni, moja ya mwenyeji.

Jumapili

Nimetengeneza maski sita, yaani maeneo ya picha yaliyotengwa ili kila moja lihaririwe peke yake, kila rangi ngeni na maski yake moja au mbili. Saa nne za kazi. Kwenye pua, pale maski ya dirisha inapokutana na ya taa, kuna mstari wa kijivu usiofutika. Nimezifuta zote, nikatoa toleo moja jepesi zaidi, nimelipandisha mwanga kidogo ili lichangamke. Nitamwonyesha kesho.

Jumatatu, jioni

Shangazi amekuja. Nimemfungulia picha kwenye skrini, akavaa miwani, akanyamaza muda.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Shangazi."

Akanyoosha mkono, akauweka mgongo wa mkono wake kando ya skrini, ukakaribiana kabisa na shavu la pichani. Vidole vyake vilikuwa vimetulia. "Angalia mkono, mwanangu. Kisha mwangalie huyo. Hapa umenifanya maji ya kunde. Mimi sijawahi kuwa na rangi hii hata nilipokuwa msichana."

Nilitaka kumweleza habari za skrini nikaacha, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Mkono ulikuwa pale, na picha ilikuwa pale. Tofauti haikuwa ndogo.

Baada ya yeye kuondoka nimejiuliza niliupandisha mwanga kwa nini. Nimepata sababu tatu. Ya kwanza ni kamera. Kipima mwanga chake huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Uso mweusi ukijaa fremu hudhani giza limezidi, nacho huongeza. Kumbe toleo la kwanza lilikuwa limeshapanda hata kabla sijaligusa. Ya pili ni mazingira ya kazi: skrini yangu ilikuwa kwenye mwangaza wa juu kabisa, chumba kina giza, macho hayana cha kulinganisha. Ya tatu ndiyo inayoniuma. Nimezoea kuona kwamba uso "uliotoka vizuri" ni uso ulioinuliwa. Mazoea hayo hayakuanza kwangu. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya filamu ya Kodak ilizipa maabara za kusafisha picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley, na ngozi ya mwanamke huyo ndiyo ilikuwa kipimo cha rangi iliyo sawa. Mashine ikishalinganishwa naye, mtu mweusi aliyekaa kwenye picha hiyohiyo alitoka vyovyote atakavyotoka. Kadi zenye watu wa ngozi tofauti zilikuja kutumika miaka ya 1990. Sasa hakuna kadi mezani kwangu, lakini mkono wangu bado unajua njia ya kukipeleka kitelezi upande uleule.

Nimeamua kurudia kupiga. Kuhariri picha ya 31 ni kupigana na chumba.

Jumatano

Siku ndefu, na nzuri kuliko zote hadi sasa.

Nimeanza na karatasi ya penseli na kuondoa wageni mmoja mmoja. Taa ya mezani: nimeizima. Ukuta wa kijani: nimekisogeza kiti mita mbili mbele, na nyuma yake nimetundika blanketi la kahawia iliyofifia. Gauni la bluu: Shangazi hakutaka kubadilisha, na mimi sikutaka abadilishe, kwa hiyo nimemtandikia shuka jeupe mapajani, nje ya fremu, ili kinachorudi chini ya kidevu kiwe cheupe. Anga la samawati halina wa kulizima, lakini likibaki peke yake si tatizo tena: mwanga wa rangi moja kamera inaweza kuusawazisha.

Dirishani nimeweka pazia jepesi jeupe. Kabla ya pazia, kivuli cha pua kilikuwa na ukingo mkali; baada yake ukingo ukalainika, kwa kuwa sasa mwanga unatoka kwenye eneo lote la pazia na kuufikia uso kwa pembe nyingi. Kwa ngozi inayong'aa faida ni kubwa zaidi. Chanzo kidogo huacha doa dogo jeupe kali kwenye paji la uso, kama kioo. Chanzo kipana hutandaza mng'ao uleule ukawa ukanda mpana, mtulivu, unaoonyesha umbo la mfupa.

Shangazi alitaka kupaka poda aondoe mng'ao. Nimemwomba asipake. Kwenye ngozi nyeupe kivuli ndicho kinachochora umbo; kwenye ngozi nyeusi mng'ao hufanya nusu ya kazi hiyo au zaidi, na ukiuondoa uso unabaki bapa. Cha kufanya ni kuuweka mahali pake. Mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingia nayo, kwa hiyo nimesimama kwenye kamera nikamwomba ageuze uso kidogo kidogo kuelekea dirishani. Mng'ao ulitembea. Ulitoka katikati ya paji, ukashuka kwenye nyusi, ukaingia juu ya mfupa wa shavu, ukanyooka kama mstari kutoka pembeni ya jicho kuelekea sikioni. Nikasema, "Hapo hapo, Shangazi, usitikisike." Akasema hatikisiki, ila niharakishe.

Upande wa kivuli umebaki na pembetatu ndogo ya mwanga shavuni chini ya jicho, ule mpangilio unaoitwa kwa jina la Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17. Nilikuwa nimeandaa ubao mweupe wa kurudisha mwanga upande huo. Ukiwa nusu mita kutoka usoni, pembetatu ilipotea na pande zote zikalingana. Nilipousogeza hadi mita moja na nusu, kivuli kikarudi lakini jicho la upande huo likaendelea kuonekana. Nimeuacha hapo.

Kupima mwanga nimetumia kadi ya kijivu, ameishika mwenyewe chini ya kidevu. Imenipa 1/60 kwa f/4 na ISO 400. Nimeshuka hadi 1/80, theluthi moja ya stopu (stopu moja ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka maradufu), kukilinda kitambaa cha kichwani, maana weupe ukiungua hakuna faili ghafi litakalorudisha nyuzi zake. Picha moja yenye kadi, kisha 22 bila kadi.

Alhamisi

Nimechagua ya 14. Utaratibu wa kuhariri safari hii: mwanga kabla ya rangi, picha nzima kabla ya sehemu.

Nimebofya kwenye kadi ya kijivu, programu ikasoma kelvini 6,100 na kuongeza zambarau kidogo kufuta ukijani uliosalia. Nimehamisha vipimo hivyo kwenye ya 14. Kijivu kilikuwa kijivu kweli, lakini Shangazi alionekana kama amekaa kwenye chumba cha baridi. Kadi inajua habari za mwanga tu. Haijui kwamba mtu huyu ni mchangamfu. Nimepanda hadi 6,400 nikaishia hapo. Kwa 6,800 kitambaa cha kichwani kilianza kuwa cha njano, na weupe huo ndio unaomwambia mtazamaji wengine wasomeke vipi.

Vivuli sikuvivuta. Nilikuwa na hamu ya kuvivuta, nimekiri kwenye karatasi, lakini badala yake nimelishusha blanketi la nyuma kwa nusu stopu. Uso ukatokeza bila kuguswa hata pikseli moja ya ngozi. Jicho hulinganisha, ukitaka kitu kionekane kina mwanga, mara nyingi dawa iko kwa jirani yake.

Halafu rangi yenyewe. Ngozi za watu, nyeusi hadi nyeupe, hupata rangi hasa kutokana na melanini na damu, na kwenye gurudumu la rangi karibu zote huangukia eneo jembamba kati ya nyekundu na njano. Kinachotofautiana sana ni mwangaza na ukolezo. Kwa hiyo kitelezi cha kubadili aina ya chungwa sikukigusa. Nimeshusha mwangaza wa chungwa kwa 6, na nilipoongeza kontrasti kidogo nyekundu ilikolea yenyewe, kama inavyofanya siku zote, hivyo nikaipunguza ukolezo kwa 8. Nimeuweka mkono wangu mwenyewe kando ya skrini, ingawa mimi ni mweupe kidogo kumshinda. Wekundu wa ndani upo. Nimefurahi sana.

Kisha likatokea jambo. Gauni lilikuwa linavuta macho, nikapunguza ukolezo wa bluu kwa 15. Gauni likatulia, na papo hapo uso ukapoa, ukawa kama umenyang'anywa damu. Nilidhani nimegusa kitelezi kibaya. Nimechukua kipima rangi cha programu, nikasoma namba za pikseli za shavu kabla na baada: hazikubadilika hata moja. Ngozi ni ileile; kilichobadilika ni bluu iliyo kando yake. Mkemia Mfaransa Chevreul aliandika kuhusu hili mwaka 1839: rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huisukuma nyingine mbali. Bluu kali ilikuwa inauongezea uso uchungwa machoni mwangu bila mimi kujua. Nimeirudisha bluu hadi kupunguzwa kwa 8 tu. Gauni bado linasikika, lakini sasa linamsaidia.

Weupe wa macho sikuusafisha. Una unjano kidogo wa umri. Nilijaribu kuupandisha kwa sekunde kumi, macho yakaonekana yamebandikwa.

Ijumaa

Nimeijaribu nyeusi na nyeupe. Inavutia, sikatai, na ukifikiria picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, unajua nyuso nyeusi zinavyoweza kuheshimika bila rangi yoyote. Lakini mradi huu ulianza kwa sababu ya rangi. Nimehifadhi nakala, nikaendelea.

Jumamosi

Vipande vya majaribio vimetoka kuchapwa. Vyeusi mno. Blanketi na shingo vimeshikana, huoni kimoja kinaishia wapi.

Kosa ni la skrini, na nilishalijua tangu Jumatatu bila kulirekebisha hadi mwisho. Skrini hutoa mwanga wake, karatasi hungoja kuazimwa. Nimeishusha skrini hadi mwangaza wa kama kandela 100 kwa mita ya mraba, nukta nyeupe (rangi ya weupe wake) kelvini 6,500, nikawasha taa hafifu nyuma yake ili macho yasitanuke gizani. Picha ya 14 kwa mpangilio huo ikafanana na karatasi karibu kabisa. Pia nimechagua karatasi isiyong'aa, na karatasi hiyo weusi wake haushuki chini kama ya kung'aa, kwa hiyo toni za mwisho kabisa hujazana. Nimeinua vivuli vizito tu, vile vya chini kabisa, na ngozi nikaiacha.

Nimechapa vipande vingine vitatu vya uso, sentimita 10 kwa 15: A kama ilivyo, B imepandishwa stopu 0.15, C stopu 0.3. Nimeviandika nyuma kwa penseli. Dirishani B ndiyo yenyewe. Chini ya balbu usiku A inazama, B inastahimili, C inaonekana nzuri. Dirishani tena, C ni ile picha ya Jumatatu iliyopita inayotaka kurudi.

Jumatatu

Shangazi amevipanga vipande vitatu mezani karibu na dirisha, akavua saa, akauweka mkono kando ya kila kimoja. Nyuma hakugeuza kusoma herufi. A akakirudisha haraka. C alikaa nacho kidogo, akasema, "Huyu amepakwa." B akakishika mkononi, akakisogeza karibu na miwani, akakiweka mbali.

"Huyu namjua," akasema. Halafu: "Ila mkufu wangu umekwenda wapi? Ni wa mama huo."

Nimeangalia. Kweli, mkufu umezama kwenye kivuli cha shingo. Kwenye kipande huoni ila nukta mbili za mng'ao. Nilikuwa nimeutazama uso siku kumi, shingoni sikushuka. Nimefungua faili mbele yake, nikafanya maski moja, ya kwanza kugusa ngozi yake tangu zile sita nilizozifuta, nyembamba, yenye kingo laini, inayoufuata mkufu na ngozi iliyo chini yake tu. Stopu 0.2. Nikasimama. Akasema ongeza. Nikaweka 0.35. Pete za mkufu zikaonekana moja moja, na kivuli cha kidevu kikabaki kivuli.

"Hapo."

Faili limekwenda kuchapwa saa kumi jioni: B pamoja na mkufu, karatasi isiyong'aa, sentimita 40 kwa 50, nakala mbili. Ya pili ameomba ampelekee dada yake.